Jina Lililo Kwenye Mita



Mtu akinunua nyumba, jamaa na marafiki humpongeza kwa kuta, kwa bati na kwa hati. Ni nadra kumsikia anayeuliza mita ya umeme imeandikwa kwa jina la nani, au dira ya maji ilisomwa mara ya mwisho lini. Yumkini nasi tusingekuwa na la kusema juu ya mambo hayo, kama parokia isingenunua, mwezi Septemba 2025, nyumba ya vyumba vitatu karibu na kigango kwa ajili ya katekista wetu, mkewe na watoto wao wanne. Wengi wenu mlichangia kupitia jumuiya ndogondogo, baadhi elfu mbili kila mwezi kwa miezi kumi na minne. Ni haki yenu basi kujua yaliyofuata baada ya kuta kulipiwa.

Nyumba ile ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Watoto wake waliiuza kupitia msimamizi wa mirathi. Wapangaji wa mwisho walihama katikati ya 2024, na tangu hapo milango ilifungwa. Mhazini wetu, ambaye kwa tabia hapendi kuharakishwa, alisisitiza kwamba hati ya mauziano iwe na kifungu cha kubakiza shilingi laki tano mikononi mwa parokia hadi madeni yote ya nyumba yajulikane na kulipwa. Baadhi ya wajumbe waliona kifungu hicho ni dalili ya kuwashuku wafiwa. Nasi tulikiunga mkono, kwa kuwa wafiwa wenyewe walikuwa wakiishi mbali na hawakujua wapangaji waliacha nini.

Siku ya kwanza katekista alinunua umeme wa shilingi elfu ishirini kwa simu. Ujumbe ulirudi na uniti chache mno. Hapakuwa na kosa lolote. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya LUKU, kidogo kidogo kila mwezi. Mwezi ambao hakuna anayenunua umeme, kodi haisahauliki, bali hungoja. Mwaka mzima na zaidi wa nyumba kukaa tupu ulikuwa umengoja, na elfu ishirini ya kwanza karibu yote ilikwenda huko. Wapendwa mnaonunua nyumba zilizofungwa muda mrefu, wekeni jambo hili katika hesabu zenu kabla ya kumwita dalali.

Hata hizo uniti chache hazikuingia. Mita ilikataa. Tulimkuta katekista amesimama juu ya kigoda, mwanawe akimmulikia kwa tochi ya simu, akibonyeza tarakimu ishirini kwa mara ya nne. Maelezo yake ni haya, nayo yanapendeza kwa namna yake. Mita za namna hii, ulimwenguni kote, zilikuwa zikiitambua kila tokeni kwa kuhesabu dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilibeba dakika 16,777,216 tu. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo TANESCO iliwapa wateja namba za kuboresha mita zao, lakini nyumba isiyo na mtu haikuwa na wa kuzibonyeza. Dawa ilikuwa kuingiza kwanza mafungu mawili ya tarakimu ishirini ishirini ya kuiboresha mita, na fungu la tatu ndilo lenye umeme wenyewe. Mtoto alisoma, baba akabonyeza, na saa mbili kasorobo usiku taa ya sebuleni ikawaka.

Risiti iliendelea kutoka na jina la marehemu. Kubadili jina kunataka barua ya maombi, nakala ya hati ya mauziano, barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha mmiliki mpya. Mali za Kanisa huandikwa kwa Wadhamini Waliosajiliwa wa Jimbo, na mdhamini wa namna hiyo hana alama ya kidole wala kitambulisho cha taifa. Ilitubidi kusubiri barua kutoka jimboni kwa majuma matatu. Binti mdogo wa marehemu alipopata habari kwamba jina linabadilishwa, alisafiri akaja, akaomba apewe risiti ya mwisho yenye jina la baba yake. Tulimpa. Aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Juu ya gesi hatuna mengi. Mtungi wa kilo 15 umewekwa nje, chini ya kivuli, na bomba lake limepitishwa ukutani, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni na kungoja cheche. Maungio hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Fundi mwenye leseni ya EWURA alikagua nyaya pia, akakuta waya wa ardhini umekatwa na shaba yake imechukuliwa. Umerudishwa.

Maji ndiyo yaliyotutoa jasho.

Akaunti ya maji ilikuwa na deni la shilingi 187,400, nalo lililipwa kutoka zile laki tano. Siku tulipoitwa kuibariki nyumba bomba lilikuwa bado limefungwa, na maji tuliyoyabariki yaliletwa kwa dumu. Tulipokuwa tukinyunyizia ukumbi, tuliona ua wa nyuma bibi wa jirani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri kwa adabu tumalize. Ni Mwislamu, amezidi miaka sabini, anaishi na mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari. Baada ya sala alitusogelea.

“Mwanangu Padri, hongereni kwa nyumba. Nauliza tu, maji yakirudi, na mie nitaendelea kuchota?”

Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akichota katika bomba la ua ule, ndoo nne kila siku, bila malipo. Tulimuuliza ni kwa makubaliano gani. Akatuonyesha kwa kidole: bomba linaloleta maji katika nyumba ya katekista linapita katikati ya kiwanja chake, chini ya mwembe. Marehemu alimwomba njia, naye akampa, na ndoo nne zikawa shukrani. “Karatasi sina,” alisema. “Tulisemezana tu, mie na mzee, hapo hapo ulipo.”

Suala lilifika kikaoni, na tungependa msidhani kwamba waliopinga walikuwa na roho ngumu. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini michango ya waumini ilipie maji ya nyumba nyingine. Hesabu ilimjibu: ndoo nne za lita 20 ni lita 80 kwa siku, yaani lita 2,400 kwa mwezi, uniti moja ya maji ni lita 1,000, hivyo bibi hutumia chini ya uniti mbili na nusu, ambazo kwa ankara yetu hazifiki shilingi elfu tano. Lakini mhazini alikuwa na hoja iliyo nzito zaidi. Alisema hofu yake si elfu tano. Katekista huhamishwa, paroko huhamishwa, wajumbe hubadilika kila uchaguzi. Atakuja mtu asiyemjua bibi wala mwembe, aone dira inazunguka kuliko familia inavyotumia, afunge bomba kwa kufuli akiamini anatunza mali ya Kanisa. Naye bibi akikasirika, anaweza kulikata bomba lililo katika kiwanja chake. Ahadi ya mdomo iliwatosha wazee wawili waliosalimiana kila asubuhi. Kwa Wadhamini Waliosajiliwa haitoshi.

Tulikwenda kwake pamoja na mhazini na mwenyekiti wa mtaa, tukapendekeza maandishi: bomba lipite, naye achote maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Na huyu?” Mjukuu alikuwa akiosha vyombo mlangoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Tunakiri kwamba katika mafunzo yote ya seminarini, sheria za Kanisa zikiwemo, hatukuwahi kupewa swali fupi lililotunyamazisha hivyo.

Ni mwenyekiti wa mtaa aliyeona lililokuwa machoni petu. Ikiwa bomba linapita chini ya mwembe, bibi hahitaji kuchota kwetu. Anahitaji dira yake mwenyewe, kwa jina lake, ambayo mjukuu ataweza kuirithi. Kilichomzuia miaka yote ni gharama ya kuunganishiwa na kukosa barua ya ukaazi. Barua mwenyekiti aliiandika palepale. Fundi wa mamlaka ya maji amekwisha kupima. Gharama itatoka katika salio la zile laki tano, kwa ridhaa ya warithi wa marehemu, ambao binti yao mdogo ndiye aliyewapigia simu kaka zake. Hadi dira ifungwe, bibi anachota kama zamani, na Mama Katekista amempa ufunguo wa geti la nyuma. Ruhusa ya bomba letu kupita kiwanjani kwake imeandikwa, imesomwa kwa sauti mbele ya mjukuu, na imetiwa dole gumba.

Mtaro wa mita kumi na mbili utachimbwa Jumamosi hii baada ya Misa ya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Majembe na koleo yapo ya kutosha. Sururu zimepungua mbili. Mwenye nayo na aje nayo, na aandike jina lake kwenye mpini.