Ngazi ya Darini

Msomaji wangu, huenda umepata kumtazama mwalimu akichora pembetatu ubaoni, ukajiuliza itakufaa nini. Mimi ni mwalimu wa namna hiyo.

Ushoroba wa nyumba yangu una upana wa sentimita 90, na dari iko juu mita 2.4. Kanuni ni kwamba kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi usogezwe mbele mita 1. Yangu basi ilihitaji sentimita 60. Ingesimama hapo daima, ingemziba njia mama yangu, ambaye macho yake yamefifia. Kwa hiyo nikatengeneza ngazi ya kukunjwa mara tatu, ipandishwayo darini kazi ikiisha. Bawaba zake nikazikaza kwa parafujo.

Mama akauliza, "Mwanangu, umeipata boriti?" Nikacheka, kwani hesabu zangu zilikuwa sahihi. Nilipofika kipawa cha tatu, parafujo zikachomoka katika mbao nyembamba za dari. Nikaanguka pamoja na ngazi, hatua moja tu kutoka miguuni pake.

Kesho yake nikaigonga dari kwa nyundo, pole pole, naye akisikiliza. Pasipo boriti palilia kama ngoma. Penye boriti sauti ilikufa. "Hapo," akasema. Ngazi ingali hapo hata leo.

Nawe, msomaji, ichore pembetatu yako sawasawa. Kisha umwulize aijuaye nyumba.