Malindi Hadi Vanga kwa Baiskeli

Aghalabu safari inayopangwa kwa makini ni ile ya mbali. Mwenye kunuia Umra huanza kuhesabu fedha na siku miezi mingi kabla. Anayekwenda Nairobi kwa harusi tu huishughulisha nyumba nzima. Lakini pwani yetu hii huachiwa “siku moja”, na siku moja hiyo haifiki. Sisi tumeishi Mombasa miaka yote, na katika watoto wetu watatu hakuna aliyewahi kukanyaga Takaungu. Vanga, alikoolewa shangazi yao mkubwa, tulifika mara ya mwisho kitinda mimba wetu akiwa bado wa kubebwa. Kila likizo tunaahidi, na kila likizo nauli inaingia katika karo. Shangazi sasa anakaribia miaka themanini na macho yake yamepungua nuru. Watoto anaokumbuka nyuso zao ni wachanga. Hao waliopo hawajui.

Mwaka huu tumeazimia, inshaallah, kwenda kwa baiskeli, wiki tatu za likizo ya Disemba, kutoka Malindi mpaka Vanga. Tunaandika haya kabla ya kuondoka kwa sababu jamaa wametuuliza maswali mengi, na yale tuliyoyatafutia majibu huenda yakaifaa familia nyingine.

Swali la kwanza la kila mtu ni hili: kwa nini tupande basi hadi Malindi kisha tuendeshe kurudi kusini, badala ya kutoka mlangoni petu? Jawabu ni upepo. Disemba huwa ni msimu wa kaskazi, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, sambamba na ufuo wetu. Ndiyo iliyokuwa ikiyaleta huku majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kisha yakingoja kusi iyarudishe. Mwendesha baiskeli naye ana tanga, apende asipende: kifua chake. Akielekea kaskazini mwezi huo atasukumana na upepo kutwa. Akielekea kusini atasukumwa mgongoni. Wenye kutaka kusafiri likizo ya Agosti na waigeuze njia, waanzie Vanga.

Kaskazi lakini ni msimu wa joto. Kwa hiyo siku yetu tumeipanga kwa kufuata sala, na kusema kweli sala ndiyo ratiba bora ya baiskeli. Baada ya Alfajiri tutakunywa chai, na kukipambazuka tutakuwa barabarani. Ifikapo saa nne ya asubuhi, popote tulipo, tutatafuta kivuli. Adhuhuri itatukuta tumelala chini ya mwembe au barazani kwa mwenyeji, na kama kuna masafa yaliyobaki, yataendeshwa baada ya Alasiri, kabla jua halijazama. Usiku hatutaendesha hata kama tumebakiza kilomita moja. Kila mtu atachukua maji lita tatu, kwani visima vingi vilivyo karibu na bahari ni vya maji ya chumvi. Tende zitakuwa mfukoni, na madafu yako kila mahali.

Kutoka Malindi hadi Vanga ni zaidi ya kilomita 200. Mtu mwenye haraka huzimaliza siku tatu. Sisi tutaendesha siku kumi tu katika hizo ishirini na moja, kila siku kilomita ishirini au thelathini, na siku zilizobaki ni za kukaa na watu na kuona mahali. Siku mbili tumeziacha tupu makusudi, hazina mji wala jina. Wanawake wataelewa bila ya kufafanuliwa zaidi: katika wiki tatu, kila mwenye umri wake atafikiwa na siku zake, na si haki kumlazimisha apande baiskeli akiwa na maumivu eti kwa sababu karatasi imesema leo ni Kilifi.

Siku ya kwanza itakuwa ya majaribio. Tutatoka Malindi bila mizigo, tuvuke daraja la Sabaki hadi Mambrui, tulione kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina, na turudi. Kama baiskeli ina kasoro itajionyesha siku hiyo, na Malindi mafundi wapo. Kesho yake ni Gede, mwendo mfupi. Mji ule wa mawe uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwezi wa Julai 2024, nasi tumewataka watoto waende na daftari. Mna msikiti mkuu, jumba la mtawala, na visima. Na mna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Mtoto anayesoma madrasa anaweza kujaribu kuisoma tarehe ile kwa macho yake mwenyewe bila ya mkalimani. Tungependa wakae mbele ya jiwe lile wahesabu ni vizazi vingapi.

Kutoka Gede hadi Kilifi ndiyo siku ndefu kuliko zote, inazidi kilomita 40. Kipande kikubwa barabara inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndani yake mna ndovu, na pia mna mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu ambaye watafiti husafiri kutoka ng’ambo kuja kumtazama. Hapo hatutategemea duka. Maji na chakula, mahamri na mbaazi za jana yake, vyote vitatoka Gede. Kisha tutavuka daraja la Kilifi. Kabla halijafunguliwa mwaka 1991 watu walivushwa kwa feri, na wazee wetu bado wanasimulia foleni zake.

Takaungu tumeipa siku tatu. Ni mji mdogo, nao ulichukua nafasi kubwa katika habari za Mombasa: Mazrui walipoondolewa na Sayyid Said mwaka 1837, baadhi yao walihamia huko. Tuna jamaa pale ambao tunakutana nao matangani tu. Udugu unaokutana makaburini peke yake una upungufu, na tunataka watoto wakutane na binamu zao siku ambayo hakuna anayelia.

Sasa tufike kwenye barabara yenyewe, ambayo ndiyo inayotunyima usingizi. Njia kuu kati ya Kilifi na Mombasa imejaa malori, mabasi na matatu, na kazi ya upanuzi imeibadilisha mara kwa mara. Pembezoni mara lami, mara kokoto, mara shimo. Kuna wanaotuambia tumtegemee Mungu na twende. Tutamtegemea, na ngamia tutamfunga. Kutoka njiapanda ya Takaungu hadi Mtwapa baiskeli zitapandishwa kwenye pikapu, na sisi nyuma yake kwa matatu. Hatuoni aibu yoyote. Mtwapa tutazuru Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ambao msikiti wake umesimama karibu kabisa na bahari, na kuingia kisiwani tutangoja Jumapili alfajiri, wakati daraja la Nyali halijaamka. Hata hapo utaratibu ni mmoja: mstari mmoja, baba mbele, mjomba nyuma, watoto katikati, na kila mmoja amevaa kizibao cha rangi inayong’aa.

Kwa kuwa Mombasa ni katikati ya njia, tutapita mbele ya nyumba yetu wenyewe. Suala la kulala nyumbani lilizusha mjadala mrefu kuliko suala la malori. Mmoja alihofu kwamba atakayeingia na kukiona kitanda chake hatatoka tena. Tumekubaliana usiku mmoja, nguo zifuliwe, na televisheni isiwashwe.

Sala za safari nazo tumezitafutia elimu. Ustadhi wetu alitufahamisha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kinachoangaliwa ni masafa ya pale unaponuia kufika, si ya siku moja. Masafa hayo hukadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo mwenye kunuia Mombasa kutoka Malindi ni msafiri hata kama leo ataendesha ishirini tu. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, atasali kamili. Na tukishaingia mji wetu tutakuwa wakaazi mpaka tutakapotoka tena kuelekea Vanga. Mwenye safari yake na amuulize mwalimu wake, kwani hali hutofautiana. Wahenga nao wamempa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Basi tumeona kituo cha siku tatu kinatosha, na jembe, tukipewa, tutalishika.

Lililokuwa gumu zaidi ni la binti yetu mkubwa. Ana miaka kumi na sita. Akiwa na miaka minane aliendesha kuliko wavulana wote wa mtaa, mikono ameiachia. Alipofika kumi na mbili, baiskeli ile ikapewa ndugu yake. Hakuna aliyemkataza kwa neno lililo wazi. Watu walitazama tu, na kutazama kwa watu mtaani kwetu kunatosha. Bibi yake alikuwa wa kwanza kuupinga mpango huu. Alisema mtoto wa kike aliyebaleghe hapandi chombo cha kutanua miguu mbele ya wanaume, na hatukumjibu kwa ukali, kwa sababu hofu yake haikuwa ya bure: maneno ya watu humfuata msichana mpaka siku ya posa. Tukazungumza naye kwa wiki kadhaa. Tuliuliza kinachotakiwa hasa, na ikawa ni stara, ni usalama, na ni nani anayefuatana naye. La tatu lilikwisha kutimia. La pili tumelieleza. Likabaki la kwanza, nalo ni la mshoni, na bibi ni mshoni.

Amemshonea suruali pana yenye mpira mwepesi kifundoni, na juu yake kanzu inayofika chini ya magoti, iliyopasuliwa pembeni kwa kiasi cha hatua ya kukanyagia, na ndani ya mpasuo ameweka kitambaa kingine ili upepo usifichue kitu. Abaya ya kawaida haifai hata kidogo. Huingia katika mnyororo, na hiyo ni hatari ya kweli. Baiskeli yenyewe ni ya kike, isiyo na bomba la juu, na fundi ameitia kinga ya mnyororo na wavu kwenye gurudumu la nyuma. Hijabu ni ya pamba, imefungwa ndani ya kanzu. Bibi alipoiona yote imevaliwa alizunguka mara mbili, akasema mkono wa kushoto umekuwa mrefu, akauvua akautengeneze. Yeye mwenyewe atatutangulia kwa matatu na masufuria, kituo baada ya kituo. Hilo alilipitisha bila kumshauri mtu.

Upande wa kusini ni mwepesi kidogo. Feri ya Likoni tutaivuka tukizisukuma baiskeli pamoja na waendao kwa miguu. Diani tutausali msikiti wa Kongo, chini ya mibuyu, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Gazi tunataka binti zetu wawaone kina mama waliojenga njia ya mbao ndani ya mikoko na kuipokea wageni, na wausikie mradi wa Mikoko Pamoja, ambao kwa kuilinda mikoko umewaletea wanakijiji fedha za maji na shule. Shimoni tutaziacha baiskeli na kuvuka hadi Wasini, ambako pia wanawake wana njia yao juu ya bustani ya matumbawe. Kisha Lunga Lunga, na kushuka Vanga, mpakani kabisa, ambako maji ya bamvu hupanda hadi karibu na nyumba. Shangazi ameshauliza siku, ili aagize samaki. Tumemwambia siku tatu, achague ya katikati.

Vifaa havina mengi ya kusema. Baiskeli mbili tunazo, mbili tumeazima, na ya mjomba ni ile nzito nyeusi ambayo watu huiita Black Mamba. Haina madoido wala haijawahi kumlaza njiani. Breki zote zimetiwa mipira mipya. Tutabeba mipira ya ndani miwili, viraka, gundi, pampu na bisibisi, na kila mtoto ameshafundishwa kuziba tundu peke yake, kitinda mimba akiwa ndiye mwepesi kuwashinda wote.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza. Si kila msikiti wa njiani una sehemu ya wanawake, wala mahali pao pa kutilia udhu, na bibi hawezi tena kuinama kwenye kata. Takaungu na Diani tumeshapata habari. Ukitoka Msambweni mpaka njiapanda ya Shimoni, na kati ya Gede na Kilifi, bado. Msomaji anayeishi huko, au aliyeolewa huko, na anayejua msikiti au nyumba ambayo wanawake wanne wanaweza kusali Adhuhuri kwa faragha, tunamwomba atuletee habari kupitia jarida hili kabla ya wiki ya kwanza ya Disemba. Mkeka tunao wetu.