Kabla ya Mvua za Oktoba

Shaka ya watu wa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, juu ya uwezo wao wenyewe ilikuwa na historia, na ni dhuluma kuiita uvivu. Serikali ya kikoloni iliigeuza Buha, nchi ya Waha, kuwa mahali pa kuchota vibarua. Vijana walitakiwa kwenye mashamba ya mkonge, hasa Tanga, kuliko walivyotakiwa kwenye mashamba ya baba zao. Mwaka 1944 wenye mkonge waliunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha vibarua, na Waha wakawa miongoni mwa waliopelekwa kwa wingi kama manamba. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikugusa nyanda hizi za juu. Watu wakiishi vizazi kadhaa wakiona kwamba kazi yenye malipo iko mbali na ina mwenyewe, huzoea kuahirisha ya kwao. Kisha ukaja mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa, na wakimbizi wakamiminika huku kwetu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mashirika ya misaada yaliyowafuata wakimbizi yaliokoa maisha, hilo silipingi hata kidogo. Lakini nakumbuka jinsi mazungumzo ya vijijini yalivyopata kisingizio kipya: ngoja tuone kama kuna mfadhili.

Mabadiliko ninayoyakumbuka yalianza na matofali. Mwaka 2004 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na baada ya muda mfupi kila kata ikatakiwa iwe na sekondari yake. Wananchi wainue maboma, halmashauri ipaue. Nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,291 mwaka huo. Kufikia 2010 zilikuwa 4,266. Kwetu shaka haikuondoka kwanza ndipo kazi ikaanza. Watu walifyatua matofali huku wakibisha kwamba walimu hawatakuja. Ila mtu asiyeamini kwamba anaweza kuleta sekondari kijijini hana shaka kwamba anaweza kukanda udongo, kupanga tanuru na kusomba mawe. Hayo ameyafanya nyumbani kwake tangu ujana. Jambo kubwa lililotisha lilivunjwa likawa kazi ambazo mikono ilikwisha kuzijua. Na majira hayakumsubiri mtu: matofali hufyatuliwa kiangazi, mvua zikianza Oktoba yale mabichi huyeyuka, na anayechelewa hupoteza mwaka mzima. Ukuta ulipofika kwenye lenta, swali la mikutanoni lilibadilika. Halikuwa tena kama tunaweza, bali mabati yatatoka wapi. Hapo ndipo ninapojenga hoja yangu: kujiamini kulikuja nyuma ya ukuta, hakukuutangulia.

Wapo watakaosema wenye shaka walikuwa sahihi, nao wana ushahidi mzito. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri, na shule za kata zilibeba sehemu kubwa ya aibu hiyo. Madarasa bila walimu wala maabara yaliwaumiza watoto, na si haki kulipitia hilo haraka. Hata hivyo, upungufu wa mwalimu wa hisabati unaweza kudaiwa pale tu penye darasa analokosekana. Kata isiyo na shule haikuwa na matokeo mabaya ya kulalamikia; ilikuwa na watoto waliomaliza la saba na kurudi shambani, na hakuna aliyewahesabu kama waliofeli.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu: kutenda nako huweza kudhuru. Mwaka 1972 mkoa huu ulipitia Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini kwa kasi. Hapo kitendo hakikukosekana. Kilichokosekana ni nafasi ya mkulima kusema udongo wa kule hamuujui. Na hata ujenzi wa shule za kata ulikuwa na michango iliyodaiwa kwa vitisho, jambo ambalo silitetei. Kwa hiyo sisemi kila shaka izimwe kwa kutenda. Shaka ya mkulima anayeijua ardhi yake ni maarifa. Ninayoisema mimi ni ile isiyotaja sababu, inayohamisha tu siku, na dawa yake ni kitendo kidogo ambacho mtendaji amekichagua na anaweza kukirekebisha kikiharibika. Tanuru lililoungua vibaya hurudiwa. Kaya iliyong'olewa hairudishwi kirahisi hivyo.

Leo, katika kata nyingi za Kasulu na Kibondo, mzazi asiyempeleka binti yake kidato cha kwanza huulizwa sababu, tena na majirani. Zamani umbali ulimjibia.