Bila Mkeka, Ungetazama?

Eti sisi vijana hatutazami mpira tena? Wapi! Agosti 2025, kwenye CHAN pale Kasarani, Harambee Stars walibaki watu 10 na bado wakaipiga Moroko 1-0. Bao la Ryan Ogam tulilirudia kwa simu hadi data ikaisha.

Kinachonitia wasiwasi ni mkeka. Wasee kibao wanafuata dau, si timu. Mkeka ukichanika dakika ya 20, mtu anazima mechi. Huyo si shabiki, ni mteja, na pesa ikiisha ataenda zake.

Lakini Madagaska ilipotutoa kwa penalti, mtaani kwetu kulinyamaza. Hata wasiobeti waliumia. Hao ndio watabaki.

Sasa niambie ukweli: bila mkeka, wikendi hii ungetazama nani?