Otenyo wa Uongo

Ukisikia Gor Mahia unawaza mpira, na sikulaumu. Lakini timu hiyo ya mwaka 1968 ilirithi jina la mtu: jabilo Gor Mahia wa Kanyamwa, Ndhiwa, huko kwa kina baba. Mama ni Mkisii. Mimi nilizaliwa Migori, katikati ya ubishi.

Shujaa wa nyanya mzaa mama ni Otenyo. Waingereza walikuwa wakiwapora Abagusii ng'ombe, na nabii Moraa Ng'iti akawa anawahimiza vijana wasinyamaze. Januari 1908 Otenyo akamvizia mkuu wa wilaya, Northcote, akamchoma mkuki. Mzungu akapona. Vijiji vikachomwa, watu wengi wakauawa, Otenyo mwenyewe akauawa. Wazee wanasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na mpaka leo wanadai kirudishwe. Northcote je? Mwaka 1937 alifanywa gavana wa Hong Kong. Nilipomwambia nyanya hilo alisonya tu.

Nyanya wa Ndhiwa ana hadithi tofauti. Gor wake aliweza kujigeuza mbuzi akitaka, ila Wazungu walipokuja aliwaambia watu wasipigane nao. Alikufa mzee, mwaka 1920.

"Basi alikuwa mwoga," nilimwambia nikiwa kidato cha pili.

"Nyakwara, babu ya babu yako alikuwa hapa hapa. Ulitaka afe ndiyo wewe upate hadithi nzuri?"

Nilicheka. Sikujua ningeihitaji hiyo hadithi.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, karo ilinishinda, matokeo yangu yakazuiliwa. Wenzangu waliandamana, wawili wakafukuzwa. Mimi sikurusha hata jiwe moja. Siku ile nilifunga begi, nikapanda basi la usiku la Migori, na nilipofika nikamwambia mama nami nimefukuzwa kwa kuandamana. Uongo mtupu. Mama akampigia simu mamake, na tangu siku hiyo Kisii naitwa Otenyo. Nikienda nachinjiwa kuku. Namla, lakini hapiti vizuri kooni.

Desemba nilipanda matatu hadi Rodi Kopany, nikachukua boda mpaka Ndhiwa, nikamwambia nyanya ukweli wote, hata sehemu ya basi. Alikuwa anachambua osuga. Aliuliza kama nimekula.

Kisii bado sijaenda. Nyanya yule hajui kusoma Kiswahili, lakini binamu zangu wanajua, na mmoja wao hufuata jarida hili.