Laxton: Kijiji Chenye Mabaraza Mawili

Mgeni ashukaye garimoshi katika mji wa Newark, Uingereza, akashika njia ya kaskazini mwendo wa maili 10 hivi, hufika kijiji cha Laxton, katika jimbo la Nottinghamshire. Mara ya kwanza haoni ajabu. Liko kanisa la mawe la Mtakatifu Mikaeli, iko hoteli ndogo iitwayo Dovecote, na nyumba za wakulima zimejipanga kando ya barabara. Lakini atokapo kijijini hukuta mashamba matatu makubwa yasiyo na ua wala seng'enge ndani yake: West Field, South Field na Mill Field. Kila shamba limegawanywa vipande virefu, kipande cha huyu kando ya kipande cha yule.

Zamani wakulima wa sehemu nyingi za Uingereza walilima hivyo. Baadaye, hasa katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuunganisha vipande na kuvizungushia ua. Ukulima uliendelea, lakini maskini wengi walipoteza haki zao za malisho. Laxton pia sehemu ya ardhi ilizungushiwa ua, ila mashamba yale matatu yamesalia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce alichora ramani ya Laxton kwa ajili ya mwenye ardhi, Sir William Courten, akaonyesha kila kipande. Ramani hiyo ingali imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford.

Je, nani huamua mambo ya mashamba hayo? Ni baraza la kwanza, la kimila, liitwalo Court Leet. Shamba moja hupandwa ngano, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, na la tatu hupumzishwa au kuachwa liwe malisho. Mwaka ufuatao hubadilishana zamu. Mwishoni mwa kila mwaka wazee 12 wa baraza, wakulima wenyewe, hulikagua shamba la ngano. Hupigilia vigingi vya mipaka na kutazama kama kuna mtu aliyelima kupita mpaka wake, akaimega njia au majani ya wote. Juma lifuatalo hukutana hotelini Dovecote, na mwenye kosa hutozwa faini. Sheria ya mwaka 1977 iliziondolea mahakama karibu zote za namna hiyo mamlaka yao. Ya Laxton ilikuwa miongoni mwa chache sana zilizoachiwa.

Baraza la pili ni la parokia. Msomaji asidhani kwamba parokia hapa ni jambo la kanisa tu. Sheria ya mwaka 1601 iliagiza kila parokia iwatunze maskini wake na kutoza kodi kwa kazi hiyo. Basi watu waliokutana kanisani wakawa pia wasimamizi wa fedha za umma. Mwaka 1834 mzigo huo ulihamishwa kwenye miungano ya parokia nyingi. Laxton iliwekwa chini ya Southwell, ambako nyumba kubwa ya maskini iliyojengwa mwaka 1824 ingali imesimama hata leo. Ndipo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1894 ilipotenga mambo ya kanisa na mambo ya kijiji, ikaanzisha mabaraza ya parokia yanayochaguliwa na wananchi. Wanawake pia waliruhusiwa kuchaguliwa.

Leo Laxton na kitongoji cha Moorhouse ni parokia moja ya kiserikali. Juu yake iko halmashauri ya wilaya ya Newark and Sherwood, iliyoichukua kazi ya halmashauri ya Southwell mwaka 1974; na juu ya hiyo iko halmashauri ya jimbo. Baraza la parokia ni dogo, lakini lina sauti: huomba sehemu yake ya kodi, na hutoa maoni mtu atakapo kujenga.

Mabaraza haya mawili hayana mali ya ardhi ile, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza kwa Wizara ya Kilimo. Mwaka 1981 ilihamishiwa Crown Estate, idara isimamiayo mali ya taji. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba itauzwa, na wengi wakahofu kwamba mwenye mali mpya angeweza kuyavunja mashamba yale. Mwaka 2020 ilirudi kwa Thoresby, mali ya jamaa ileile ya Manvers, na desturi ya mashamba ikaendelea.

Twajifunza nini? Mwenye ardhi amebadilika mara tatu katika miaka 70, na wilaya imebadilishwa, lakini wazee 12 wangali wanapigilia vigingi vyao. Hati ya ardhi humlinda mwenye ardhi. Lakini mpaka ulio baina ya majirani hulindwa na majirani wenyewe, wakubalipo kukutana kila mwaka, kukagua bila upendeleo, na kulipa faini bila kinyongo.