Chai ya Saa Kumi

Maneno "chai ya saa kumi" niliyakuta kwa mara ya kwanza darasani, katika kifungu cha ufahamu kilichotoka Kenya. Mwalimu alitueleza kwamba huko kazi husimama mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, watu wakanywa chai kisha wakaendelea. Tulicheka. Hapa Butembo, mtu anayeonekana saa kumi amekaa na kikombe mkononi huulizwa kama anaumwa. Mji wetu ni mji wa biashara, na sifa tunayojipa sisi Wanande ni kuwahi kuamka na kuchelewa kukaa.

Likizo kubwa iliyopita nililipwa pesa kidogo kwa kutafsiri vipeperushi vya afya kutoka Kifaransa. Wakati huohuo mama mdogo alikuwa amekuja kututembelea kutoka Beni. Nikaamua kumpeleka kunywa chai katika hoteli moja ya kilimani, ile aina ya hoteli yenye bustani, viti vya nje na maua yanayokatwa kila juma.

"Hoteli? Kuna arusi?" akaniuliza.

"Hakuna arusi, mama mdogo. Tunaenda kukaa tu."

"Kukaa tufanye nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia avae kitenge chake kizuri.

Ni lazima niseme kwamba mama mdogo anaijua chai kuliko watu wengi wanaoinywa. Kabla ya kuolewa Beni, alikuwa mchumaji katika mashamba ya Butuhe, karibu na Butembo. Huchumwa majani mawili na kichipukizi chake, si zaidi, maana jani lililokomaa huharibu kazi ya kiwandani. Kikapu hukaa mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, na mwisho wa siku mizani ndiyo inayosema umelipwa kiasi gani. Kiwandani majani hunyaushwa, husagwa, huachwa hewani mpaka yageuke rangi ya shaba, hukaushwa kwa moto, kisha huchekechwa na kugawanywa kwa ukubwa wa chembe. Baada ya hapo safari ni ndefu: Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo chai yake huuzwa kwenye mnada wa Mombasa. Kwa hiyo jani linalochumwa kwenye milima yetu laweza kuiona bahari, ambayo mchumaji hajaiona.

Tulifika saa tisa na nusu. Tulipewa meza chini ya mti. Mama mdogo alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mhudumu akatuletea orodha. Juu yake kuliandikwa "thé", nasi tukaagiza "chai". Wanafunzi wa lugha wanajua kwamba maneno haya mawili ni ndugu: yote yalitoka China, moja likapita nchi kavu mpaka kwa Waajemi na Wahindi, jingine likapanda merikebu za Waholanzi mpaka Ulaya. Mezani kwetu yalikuwa yamekutana tena, moja kwenye karatasi na jingine mdomoni.

Kikaja chombo cha maji ya moto, vikombe viwili, sukari, na vifuko viwili vyenye uzi, vilivyotoka ng'ambo. Mama mdogo alikitazama kifuko chake, akakigeuza, akakipasua kwa ukucha. Unga mweusi ukamwagika kwenye kisahani. Niliona aibu, nikatazama kama kuna mtu anayetuangalia. Yeye alikuwa akiusugua ule unga kati ya vidole viwili.

"Hii ni vumbi," akasema. "Ile inayopita tundu la mwisho la chekeche."

Mhudumu alikuwa bado amesimama karibu. Nilidhani atakasirika. Badala yake akainama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umefanya kazi Butuhe?"

"Miaka sita."

"Mama yangu pia." Akatazama nyuma kidogo. "Sisi jikoni tunakunywa ya huko. Niwaletee hiyo?"

Akaileta kwenye termosi, imechemshwa na tangawizi. Mama mdogo akanusa kabla ya kunywa. Hakusema ni tamu wala si tamu. Alisema tu, "Hii ilikaushwa vizuri," halafu kwa mara ya kwanza akauegemeza mgongo wake kwenye kiti.

Ningependa kumalizia hapa, lakini sicho kilichonifanya niandike.

Ilipofika saa kumi, mama mdogo alilitazama jua, akaweka kikombe chini na kusimama. Hakutazama saa, mwili wake ndio uliojua. "Twende," akasema, na tayari alikuwa anafunga kitenge.

Mama mdogo ana shamba la kakao upande wa Mbau, kaskazini mwa mji wa Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika eneo lile, watu wengi wamekufa mashambani au wakiwa njiani kurudi. Kila familia imejitungia sheria zake za kubaki hai. Sheria ya mama mdogo ni moja: saa kumi isimkute shambani. Hata kama maganda ya kakao yameiva mtini, hata kama yamebaki machache kupasua, ikikaribia saa kumi panga linaingia kwenye kikapu na watu wanashika barabara. Giza huingia saa kumi na mbili, na saa mbili zilizobaki ni za kutembea na kuhesabu watoto.

"Mama mdogo, hapa ni Butembo," nikamwambia.

"Saa kumi ni saa kumi, mwanangu."

Kati ya Beni na Butembo ni kilomita hamsini na kitu. Kwa miaka mingi sisi wa Butembo tumepokea jamaa kutoka Beni, tumewapa godoro na chakula, tukadhani tunajua wanakotoka. Mimi nilikuwa nimesoma kifungu kizima kuhusu chai ya saa kumi nikacheka, na haikunipitia akilini kwamba kwa mtu wa nyumbani mwetu saa hiyo ni amri ya kukimbia.

Sikumvuta. Nilikaa, nikammiminia kikombe cha pili, nikakisukuma upande wake. Alisimama kwa muda akitazama bonde, mabati ya nyumba yaking'aa na pikipiki zikipanda barabara. Kisha akakaa tena, kwenye ukingo kama mwanzo. Hatukuzungumza sana. Alikunywa polepole, akitupia jua jicho kila baada ya mikunywo miwili.

Wakati ule nililifikiria neno "kukaa". Katika Kiswahili, kukaa ni kuweka makalio kwenye kiti, na kukaa pia ni kuishi mahali: unakaa wapi? Nakaa Beni. Tulipojifunza jambo hili darasani, niliandika "neno lenye maana zaidi ya moja" na kugeuza ukurasa. Pale chini ya mti nilianza kushuku kwamba maana hizo mbili ni moja. Mtu anayekaa mahali ni yule anayeweza kukaa hapo, alasiri, bila kuwa tayari kusimama. Kama hivyo ndivyo, basi mama mdogo amepanga, amelima na amezaa Beni, lakini kukaa, kwa miaka mingi sasa, hajakaa.

Tuliondoka saa kumi na moja. Nililipa bili, nayo ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, lakini sikumwonyesha. Njiani alinilaumu kwa kutupa pesa, kama ilivyo haki yake.

Usiku nilimsikia akimpigia simu jirani yake wa Beni. Nilitegea sikio, nikitaka kusikia atasema nini kuhusu bustani, vikombe na mhudumu aliyetuletea chai ya jikoni. Hakuvitaja. Alisema, "Jana ungeniona! Leo nimekaa nje mpaka saa kumi na moja." Akanyamaza kidogo, jirani akiuliza kitu. "Hapana," akajibu, "hakuna kilichotokea. Hakuna kabisa."

Alilirudia hilo mara mbili, kwa sauti ya mtu anayesimulia arusi.